BUNDUKI ZA WAZEE: RISASI NA KITAMBAA CHAKE



Katika baadhi ya nyumba za Katanga, hasa vijijini, ipo bunduki ya zamani iliyotundikwa ukutani au kuwekwa darini. Ni ndefu, kitako chake kimetobolewa na wadudu, wala haitiwi risasi kwa nyuma kama bunduki za siku hizi, bali hushindiliwa kwa mdomo. Watu wa pwani huiita gobore. Wazee waliijua pia kwa jina la korofindo. Na katika nchi yetu wengi huiita pupu. Vijana wakiitazama huuliza swali lile lile: "Je, huingia risasi gani?" Swali ni jema, lakini jibu lake ni refu kuliko wanavyodhani. Leo twataka kulijibu kwa utaratibu, kwa kuwa ndani ya jibu hilo mna hesabu, mna historia ya nchi yetu, tena mna jambo liwezalo kuokoa jicho au mkono wa mtu.

Kasiba laini na kasiba yenye mifereji

Kwanza tujue bunduki hizi ni za namna gani. Bunduki ya vita ya siku hizi ina mifereji membamba iliyochongwa ndani ya kasiba kwa kuzunguka. Risasi ipitapo humo hukamatwa na mifereji hiyo, nayo hutoka ikizunguka kama pia ya watoto. Na kitu kizungukacho hushika njia yake. Gobore halina mifereji. Kasiba yake ni laini ndani kama bomba. Risasi yake ni duara kama gololi, hutupwa mbele kwa nguvu ya baruti, na hakuna kitu cha kuiongoza ila kuta za kasiba zenyewe.

Kwa sababu hiyo kasiba laini ina faida moja na hasara moja. Faida yake ni kwamba hupokea chochote: risasi moja kubwa ya kumwinda nyati, au konzi ya marisau ya kuwinda kanga. Hasara yake ni kwamba haisamehe kipimo kibaya. Risasi iliyo ndogo mno hugonga ukuta huu, kisha ukuta ule, na mwisho hutoka ikielekea upande ilikogonga mara ya mwisho. Hapo mlenga shabaha hodari na mtu asiyejua kitu hawapishani sana.

Kwa nini babu zetu walikuwa na bunduki hizi?

Wengine hudhani kwamba wazee walitumia gobore kwa kuwa hawakujua kitu bora. Sivyo. Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha zao mara kwa mara, na kila mara maghala yalijaa bunduki kuukuu. Bunduki hizo, pamoja na nyingine mpya za bei rahisi zilizotengenezwa Birmingham katika Uingereza na Liège katika Ubelgiji, zilipakiwa merikebuni na kuletwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia barani kila mwaka kwa njia ya pwani ile peke yake.

Huku kwetu Katanga aliyezitumia zaidi ni Mwenda Msiri, mtu aliyetoka upande wa Unyamwezi akajenga utawala wake Bunkeya, kaskazini ya mahali ulipo mji wa Lubumbashi leo. Misafara yake ilikwenda mashariki hata pwani ya Bahari ya Hindi, na magharibi kuelekea Benguela katika Angola. Ilichukua shaba, pembe za tembo, na kwa huzuni yetu pia watumwa. Ikarudi na vitambaa, bunduki na baruti. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri mwenyewe aliuawa Bunkeya kwa risasi ya afisa mmoja wa msafara wa Stairs, naye afisa huyo akajeruhiwa, akafa kwa jeraha hilo. Aliyekuwa amekusanya bunduki nyingi kuliko jirani zake wote aliangushwa na bunduki ya namna nyingine.

Hapo yafaa tukumbuke jambo lisilofundishwa mara nyingi. Mwaka mmoja kabla, tarehe 2 Julai 1890, wajumbe wa mataifa walitia sahihi mapatano huko Brussels ya kukomesha biashara ya watumwa. Waliona kwamba bunduki ndizo zilizowapa nguvu wakamataji wa watumwa, na hilo lilikuwa kweli. Kwa hiyo walikataza silaha, hasa zile zenye mifereji na za namna mpya, kuingizwa katika Afrika yote iliyo kati ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini. Lakini waliacha mlango mmoja wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa ruhusa ya serikali. Wakoloni wenyewe walibaki na bunduki zao mpya. Basi mpaka ule wa kasiba laini na kasiba ya mifereji ulikuwa mpaka wa sheria, nao uliwatenga watu. Mwafrika alipewa bunduki isiyofika mbali, akaambiwa hiyo yamtosha.

Hii ndiyo sababu swali la risasi na kitambaa lilikuwa kubwa kwa babu zetu. Aliyenyimwa silaha njema hana budi kujifunza kuitumia vema ile aliyo nayo.

Namba ya bunduki ina maana gani?

Wasomaji wengi wamesikia watu wakisema "bunduki ya 12" au "ya 16". Namba hiyo si upana wa tundu. Asili yake ni hesabu ya wasubu risasi wa zamani. Walichukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453.6, wakaigawanya kuwa mipira iliyo sawa. Ikiwa mipira 12 ilitoka katika ratili, na kila mmoja walijaza tundu la kasiba barabara, basi bunduki hiyo iliitwa ya 12. Kwa hiyo namba ikizidi, tundu hupungua.

Kwa vipimo vyetu vya leo, tundu la 12 lina upana wa milimita 18.5, na mpira wake kamili una uzito wa gramu 37.8. La 16 lina milimita 16.8 na gramu 28.4. La 20 lina milimita 15.6 na gramu 22.7. La 28 lina milimita 14 na gramu 16.2. Wanafunzi wanaweza kuhakikisha wenyewe: watafute ujazo wa mpira, kisha wauzidishe kwa 11.34, ambao ndio uzito wa sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi.

Wataona pia jambo la ajabu. Ukipunguza upana wa mpira kwa milimita moja tu, kutoka 18.5 hadi 17.5, uzito hupungua kwa gramu 6 hivi, karibu sehemu moja ya sita. Jicho halioni tofauti kubwa, bali mizani huiona.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake

Sasa twafika kwenye swali lenyewe. Ikiwa tundu lina upana wa milimita 18.5, je, risasi iwe ya 18.5? La, hasha. Risasi iliyo sawa kabisa na tundu haitashuka. Na hata kama ya kwanza itashuka, ya pili itakwama, kwa kuwa baruti nyeusi huacha masizi mazito kila inapowaka, na masizi hayo hupunguza upana wa tundu. Mpaka risasi ya tatu au ya nne, mtu atakuwa akipiga mdeki kwa nyundo. Risasi iliyokwama katikati ya kasiba, mbali na baruti, ni hatari kubwa kuliko zote, na tutaeleza sababu yake hapo chini.

Majeshi ya zamani yaliogopa kukwama huko kuliko yalivyopenda shabaha. Bunduki ya Waingereza iliyoitwa Brown Bess ilikuwa na tundu la milimita 19 hivi, nayo ilipewa risasi ya 17.5. Nafasi ya milimita moja na nusu ilibaki wazi, ikazibwa kidogo tu na karatasi iliyofungia baruti. Askari aliweza kushindilia upesi hata baada ya kupiga mara nyingi. Lakini nusu ya ustadi wake ilipotelea katika nafasi ile, kwa maana moto ulivuja pembeni na risasi ilitoka ikiyumba. Ndiyo maana askari walisimama kwa safu wakapiga wote pamoja: wengi wakikosa, wachache watapata.

Mwindaji hana safu. Yeye yu peke yake na mnyama wake, na risasi moja tu. Kwa hiyo wawindaji wa nchi nyingi walitafuta njia ya katikati, nayo ni kitambaa. Risasi huwa ndogo kidogo kuliko tundu, kisha huvikwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Kitambaa huziba nafasi, huishika risasi katikati ya kasiba, hupangusa masizi inaposhuka, na huizuia isirudi mbele. Ikifyatuliwa, kitambaa hutoka pamoja nayo, huachana nayo hatua chache mbele ya mdomo, na risasi huendelea peke yake.

Kanuni yake ni kutoa na kugawanya tu. Chukua upana wa tundu, toa upana wa risasi, kisha gawanya kwa mbili. Jibu ni nafasi iliyopo kila upande. Kitambaa kiwe kinene kidogo kuliko nafasi hiyo, kwa kuwa pamba hukubali kubanwa.

Tutoe mfano. Tundu ni milimita 18.5. Risasi ni milimita 17.8, yenye gramu 33.5 hivi. Tofauti ni milimita 0.7, na kila upande ni 0.35. Kitambaa cha milimita 0.4 kitafaa: kitabanwa kidogo, kitashuka kwa kusukumwa na mkono bila nyundo, wala hakitalegea. Kama risasi uliyo nayo ni ya 17.5, tofauti ni milimita 1 kamili, na kitambaa kitakiwacho ni cha 0.5 au zaidi kidogo.

Kwa kasiba laini, wazoefu wengi huanza na risasi iliyo pungufu ya tundu kwa nusu milimita hadi milimita 0.8. Kasiba yenye mifereji huhitaji kubana zaidi, kwa maana kitambaa chapaswa kujaza mifereji pia. Kasiba laini haihitaji hivyo. Mwenye kubana kupita kiasi hapati shabaha bora. Hujitafutia tu kukwama. Na hata bunduki mbili zenye namba moja hazilingani. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila kasiba huchagua risasi yake.

Namna ya kupima

Msipime kwa macho wala kwa kidole. Mafundi wa karakana za Lubumbashi wanacho chombo chenye taya mbili kipimacho hata sehemu ya kumi ya milimita, na wanafunzi wa shule za ufundi wanakifahamu. Kipimeni kwanza mdomo wa kasiba, kisha ingizeni kigingi cha mti laini kilichochongwa kiingie bila kulegea, mkaone kama chashuka sawasawa. Mdomo wa bunduki kuukuu mara nyingi umeliwa na mdeki ulioingia na kutoka kwa miaka mingi, kwa hiyo huonyesha upana zaidi kuliko ndani.

Kitambaa nacho kipimwe kwa kukunjwa. Kunja kiwe tabaka nne, bana sawasawa kwa taya za chombo, soma, kisha gawanya kwa nne. Hivyo kosa la kipimo hupungua.

Lakini kabla ya haya yote, lipo jambo moja la kwanza, nalo lisisahauliwe na mtu yeyote: hakikisheni bunduki ni tupu. Baruti nyeusi isiyopata maji hukaa miaka mingi na bado ikawaka. Bunduki iliyotundikwa na babu huenda aliitundika ikiwa imeshindiliwa, tayari kwa chui wa usiku. Ingizeni mdeki mpaka ukomee, tieni alama mahali pa mdomo, kisha uutoeni muulaze nje ya kasiba mlinganishe. Ukiwa haufiki karibu na tundu la moto, ndani mna kitu. Hapo acheni kila kazi. Msikichokore, msiweke karibu na moto, wala mtoto asiiguse. Mwiteni fundi wa silaha au mtu wa serikali anayehusika. Tahadhari kabla ya hatari.

Kitambaa cha namna gani?

Kitambaa kiwe cha pamba au kitani, kilichofumwa kwa kubana, kisicho na maua ya rangi nzito yenye gundi. Marekani, ile nguo nyeupe ngumu iliyochukuliwa na misafara ya zamani kama fedha, hufaa sana, na pia kitambaa cha magodoro. Nguo za nailoni na nyingine za viwandani zilizochanganywa hazifai kabisa: huyeyuka kwa moto na kugandamana na kasiba.

Kikatwe duara, upana wake upate mara mbili ya upana wa risasi. Kikiwa kidogo, risasi itakaa kando. Kikiwa kikubwa mno, mikunjo itarundikana mbele yake. Kipakwe mafuta kidogo: nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, au hata mafuta ya mawese. Mafuta ya mashine hayafai, kwa kuwa yakikutana na baruti nyeusi huacha utandu mgumu kama lami. Mafuta yasizidi pia, yasije yakalowesha baruti.

Kitambaa kilichokwisha tumika ni mwalimu. Baada ya kufyatua, kitafuteni mbele ya mdomo, hatua kumi au kumi na tano. Kikiwa kizima, cheusi katikati, kimechanika nyuzi za pembeni tu, vipimo ni vyema. Kikiwa kimetoboka kwa moto katikati, kimepitwa na moto: ni chembamba mno, au risasi ni ndogo mno, au mafuta hayakutosha. Kikiwa kimekatwa kama kwa wembe, huenda mdomo wa kasiba una ukingo mkali, au risasi ni kubwa mno.

Na kitafuteni kwa sababu nyingine pia. Kitambaa hicho mara nyingi hutoka kikifuka moshi. Katika Katanga nyasi hukauka kuanzia Mei hata Septemba, na cheche moja yatosha kuteketeza shamba la mihogo la jirani na nyumba yake. Mwenye kufyatua gobore wakati wa kiangazi bila maji karibu ni mwasha moto, ajue au asijue.

Risasi ikae juu ya baruti

Tuliahidi kueleza hatari ya risasi iliyokwama. Baruti ikiwaka, moto wake hutafuta pa kutokea. Risasi ikiwa imekaa juu ya baruti, huanza kusukumwa mara moja, na nguvu huongezeka kwa kadiri risasi inavyokwenda. Risasi ikiwa mbali, pakiwa na nafasi tupu katikati, moto hukimbia katika nafasi ile na kuigonga risasi iliyosimama kama gari ligongavyo ukuta. Kasiba hupasuka hapo hapo, yaani karibu na mkono wa kushoto wa mshika bunduki na mbele ya uso wake.

Kwa hiyo mdeki uwe na alama mbili: moja ya kasiba tupu, ya pili ya kasiba iliyoshindiliwa sawasawa. Alama ya pili isipofika mdomoni, msifyatue. Na risasi legevu isiyo na kitambaa ina hila nyingine: mwindaji akiinamisha bunduki wakati wa kutembea, huteleza mbele polepole bila kujulikana. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana walishindilia nyuzi za ganda la mti au majani juu ya risasi. Hawakufanya hivyo kwa desturi tu.

Tena baruti iwe nyeusi, ile ya zamani. Baruti ya risasi za kivita isitiwe kamwe ndani ya gobore, hata kidogo. Nguvu yake ni nyingi mno, na hakuna kipimo cha risasi wala kitambaa kitakachomwokoa aitiaye.

Pupu ya bomba la maji

Yote tuliyosema yahusu bunduki iliyotengenezwa kiwandani kwa chuma kizuri. Zile za Liège mara nyingi huwa na alama ya herufi ELG ndani ya duara la yai, maana yake kasiba ilijaribiwa kwa baruti nyingi kabla ya kuuzwa. Lakini alama hiyo yasema habari ya siku ile. Haisemi kitu juu ya kutu ya miaka mia iliyofuata.

Pupu nyingi katika nchi yetu si za Liège. Zimefanywa na mafundi wa vijijini kwa bomba la maji au bomba la usukani wa gari, na badala ya fataki hutumia vichwa vya viberiti. Twausifu ustadi wa mikono hiyo, maana mtu atengenezaye mtambo wa bunduki kwa tupa na moto wa makaa si mjinga. Hata hivyo lazima tuseme kweli: bomba la maji lilifanywa lipitishe maji. Lina mshono ubavuni, na unene wake haulingani pande zote. Anayeuliza risasi ya kipimo gani yafaa pupu ya namna hiyo, jibu letu ni moja: hakuna.

Hali huwa mbaya zaidi risasi ikiwa kipande cha nondo au gololi ya chuma. Madini ya risasi ni laini, yakibanwa hukubali. Chuma hakikubali, bali hukwaruza kasiba au hukwama. Mafundi wa Katanga ya zamani walisubu hata risasi za shaba, kwa kuwa shaba walikuwa nayo tele na madini ya risasi yalitoka mbali. Lakini mpira wa shaba wa milimita 17.5 una gramu 25 tu, na ule wa risasi una gramu 32 karibu. Ni mwepesi zaidi, tena mgumu. Walifanya hivyo kwa uhaba.

Sufuria ya mama si kalibu

Limebaki jambo moja lihusulo akina mama na watoto zaidi ya wawindaji. Madini ya risasi huyeyuka kwa moto wa digrii 327, ambao hata jiko la makaa laweza kuutoa. Kwa hiyo wako wanaovunja betri kuukuu za magari, wakayeyusha madini yake uani, wakasubu risasi. Huo ni mchezo wa kifo. Vumbi na moshi wake huingia mwilini, na mtoto mdogo hudhurika kuliko mtu mzima: akili yake huzuiwa kukua, damu yake hupungua. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha madini hayo katika damu kinachojulikana kuwa salama. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakitoa madini ya betri katika mchanga wa nyumbani kwao. Hakuna hata mmoja wao aliyepigwa kwa bunduki.

Basi risasi zisisubiwe nyumbani, wala sufuria iliyoyeyusha madini hayo isirudi jikoni kwa kisingizio kwamba imeoshwa. Na nyama ya mnyama aliyepigwa kwa risasi hiyo ikatwe mbali kuzunguka jeraha, sehemu hiyo itupwe.

Tufanye nini basi?

Mwenye bunduki ya zamani ajue kwamba sheria ya nchi yetu ya mwaka 1985 juu ya silaha yataka kibali, na sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 yataka ruhusa ya kuwinda. Katika mbuga za Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, na Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, hairuhusiwi kuwinda kabisa. Tembo na punda milia waliobaki humo ni wachache. Mnyama aliyekimbia na risasi mbovu ubavuni hamlishi mtu yeyote. Huenda kufa porini, akaoza.

Mwenye bunduki nzima, kibali, na fundi wa kuikagua, amekwisha soma kanuni: apime tundu, apime risasi, agawanye nafasi kwa mbili, achague kitambaa, atie alama mdeki. Asiye na mojawapo ya hayo matatu aiache bunduki ya babu ukutani, ikiwa tupu, na kwa ruhusa ya serikali. Hapo itafanya kazi njema ya kuwafundisha wajukuu. Wanaweza kupima tundu lake, kutafuta namba yake kwa hesabu ya mipira katika ratili, kuisoma alama ya Liège kama ipo, na kuuliza bunduki hii ilifikaje hapa, ililipwa kwa shaba ya nani, na kwa nini kasiba yake ni laini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Kwa habari ya gobore, mara nyingi kinachovunjika ni mkono.